Udongo Wenye Sukari

Jumatatu, 3 Machi

Siku yangu imekaribia. Naandika haya nikiwa nimekalia ndoo nyuma ya nyumba, ili mke wangu asinione nimeshika kalamu wakati jembe limelala.

Habari yenyewe ni hii. Kituo cha kilimo kinatafuta shamba moja la mfano. Litakalochaguliwa litavutiwa bomba la maji, tena litawekewa kibao kikubwa pale barabarani, chenye jina la mwenye shamba kwa herufi ambazo hata mtu anayekimbizwa na mbwa atazisoma. Waombaji tumebaki wawili: mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwenye mashine ya kusaga. Mtu ana mashine, ana kitambi, ana viatu vya mpira vya kijani vinavyofika magotini, na bado anataka na kibao.

Kwangu mimi hapa hakuna mchezo. Mke wangu ni fundi cherehani, na maneno mazito huyasema akiwa na sindano mdomoni. Jana alisema, sindano ikiwa pale pale, kwamba amechoka na mipango yangu. Safari hii nikikosa, shamba atamkodisha kaka yake, na mimi nitarudi kufanya kazi mashineni.

Nilishawahi kufanya kazi pale. Shemeji haiti watu kwa majina. Anapiga filimbi. Mlio mmoja: leta gunia. Miwili: fagia. Mitatu ilikuwa yangu peke yangu, na maana yake ilikuwa "umefanya nini tena?" Nilikuwa natoka jioni nimepauka unga hadi kwenye kope, mbwa wa mtaani wananibwekea kama mgeni. Shamba hili aliniachia marehemu baba. Nalipenda, hata kama magugu yake yananizidi kimo. Filimbi sitapigiwa tena maisha yangu yote.

Mtaalamu wa udongo amekuja leo. Ni mama mmoja mwenye kofia pana na kisu kiunoni. Ametuagiza kila mtu achimbe shimo la kimo cha mtu, atoe udongo wa kila tabaka, auweke kwenye mfuko wake na kuufungia kikaratasi chenye jina. Mifuko ifike kituoni Alhamisi, yeye atapima Ijumaa. Akamalizia kwamba tusiongeze kitu wala kupunguza kitu. Aliposema hivyo alinitazama mimi. Sijui kwa nini.

Jumanne, 4 Machi

Nimechimba. Mgongo sina.

Tabaka la juu limenivunja moyo. Rangi ya kahawia iliyochujuka, laini kama unga uliochekechwa mara mbili. Ukilipiga teke linafuka vumbi. Yaani nimekimbia unga wa shemeji, kumbe baba aliniachia unga mwingine. Humo ndani mizizi tele, na nyungunyungu wamejaa kama wako kwenye harusi. Nimewatoa mmoja mmoja nikawapa kuku wa jirani. Shamba la mfano haliwezi kuwa na wadudu.

Chini yake tabaka gumu. Jembe lilidunda likanirudia. Hapo ndipo majembe ya babu na baba yalipokuwa yakiishia kila msimu, kina kile kile, mpaka udongo ukashikana kama sakafu. Mpini umevunjika, na mwenyewe nusura.

Nilipolitoboa hilo nikakuta udongo wa kahawia ya manjano, unanata kidogo, umejaa vitundu vyembamba vinavyoshuka chini. Mchwa, nikajisemea, basi nimekwisha. Na kule chini kabisa ndiko kwenye aibu yenyewe: madoa mekundu kama kutu, na katikati yake michirizi ya kijivu. Shamba la baba lina ugonjwa wa ngozi.

Mke wangu alikuja ukingoni na kikombe chake cha chai, akanichungulia, akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikamjibu nimeshaingia, kazi iliyobaki ni yeye kuleta ngazi. Akacheka mpaka chai ikanimwagikia kichwani. Ngazi hakuleta. Nilitoka kwa kupanda juu ya ndoo, na kiatu kimoja bado kiko chini.

Jumatano, 5 Machi

Nilikwenda kumsalimia shemeji. Yaani nilikwenda kumpeleleza.

Shimo lake ni jeusi. Jeusi juu, jeusi katikati, jeusi chini, linang'aa kama limepakwa mafuta. Wafanyakazi wake wa mashine ndio wanaochimba, yeye amesimama kando na viatu vyake vya kijani, filimbi shingoni. Udongo unaganda kwenye sepetu hadi wanaubandua kwa kijiti. Nikaona huo ndio utajiri, udongo usiotaka kuachana na sepetu. Shemeji akaniambia kwa upole unaokaribia huruma kwamba udongo mweusi ndio udongo, huu wangu nikaupake watoto baada ya kuwaogesha. Nilicheka kwa adabu, maana ni shemeji. Moyoni niliumia vibaya.

Njiani kurudi nikakumbuka kitu. Juzi yule mama mtaalamu aliokota chembe ya udongo shambani kwangu, akaitia mdomoni, akaitafuna na meno ya mbele, akaitema. Nilidhani ana njaa. Kumbe wanaonja!

Basi. Kitu kinachoonjwa, kinaungwa. Mke wangu alipotoka kwenda kumpima mteja vipimo vya gauni, niliingia jikoni nikachukua kopo la sukari. Tabaka la juu nimelitilia kiasi. Lile gumu zaidi kidogo, kulilainisha tabia. Lile lenye ugonjwa wa ngozi nimelimalizia kopo lote. Nikakoroga, nikafunga, nikaonja. Si mbaya. Nikajiuliza kama kuna mtu mwingine duniani aliyewahi kufikiria jambo hili, nikajijibu kwamba hakuna.

Alhamisi, 6 Machi

Sisimizi.

Nilifungua macho nikauona mstari mweusi umeingia chini ya mlango, umekatiza sebule, umepanda juu ya mifuko yangu. Wengine wanaingia, wengine wanatoka na chembe kichwani. Nimepuliza, nimekung'uta, nimewasihi. Mke wangu naye yuko jikoni anauliza sukari iko wapi. Nikasema wageni walikunywa chai. Akauliza wageni gani. Nikasema wale wa siku ile. Akanywa chai yake kavu, bila sukari, huku akiniangalia. Sijawahi kuona mtu akinywa chai kavu kwa sauti namna ile.

Nikabeba mifuko kwa toroli hadi kituoni. Stoo ilikuwa wazi, mtunza stoo ametoka kidogo. Mifuko ya shemeji tayari iko juu ya meza, imepangwa kwa mstari, myeusi ndani, imetuna kwa majivuno. Nikaweka yangu kando yake. Sisimizi mmoja akatoka akanitazama.

Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi kama inavyofanya kazi kila ninapobanwa. Kubeba udongo ni kazi ya punda. Kikaratasi hakina uzito. Nikafungua vikaratasi vyake nikafunga kwenye mifuko yangu, vyangu nikafunga kwenye mifuko yake. Mtunza stoo aliporudi akanikuta nimesimama mikono nyuma, nasifia mpangilio wa rafu zake. Akasema rafu hizo ziliwekwa na aliyekuwepo kabla yake. Nikasema hata hivyo.

Sasa udongo mweusi ni wangu, na unga wenye sisimizi ni wa shemeji. Nimerudi nyumbani naimba.

Ijumaa, 7 Machi

Nianze mwanzo.

Tulikusanyika kivulini nje ya kituo. Mimi nimevaa shati la harusi yangu. Shemeji amekuja na viatu vyake, mke wangu amekaa kati yetu na gauni la mteja mapajani, anashona pindo, sindano za akiba mdomoni. Kama dada na kama mke, alisema, yeye hana upande. Lakini alikaa karibu na mimi kidogo. Nililiona hilo na lilinifurahisha.

Mtaalamu akaanza na mifuko yenye jina langu. Akachukua udongo mweusi, akaulowesha, akaufinyanga kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukatoka utepe mrefu usiokatika. Akaukunja ukawa pete, pete ikakaa. Nikapiga makofi. Hakuna aliyenifuata. Akasema huu ni mfinyanzi mzito: ukilowa unamshika mtu mguu, ukikauka unapasuka nyufa za kumeza kijiko. Unazaa, akasema, lakini unataka trekta na subira, na maji ya bomba yatatuama juu yake kama kwenye sahani. Kwa shamba la mfano la watu wa jembe la mkono, haufai. Mikono yangu ikabaki hewani.

Akahamia kwenye mifuko yenye jina la shemeji. Akatia mkono ndani, akatabasamu. Akatuita tusogee. Akasema tuguse: mkavu ni unga, uliolowa unateleza kama sabuni, utepe wake unakatika mfupi. Si mchanga, maana haukwaruzi. Si mfinyanzi, maana haung'ang'anii. Uko katikati, ni tope laini lililoletwa na mafuriko ya zamani likatua taratibu. Maji unayashika bila kuyang'ang'ania, na mizizi inapita bila kuomba ruhusa. Ile sakafu ngumu ni kosa la majembe, si la udongo, mazao yenye mizizi mirefu yataitoboa. Vile vitundu si mchwa hata kidogo. Ni njia za mizizi ya zamani na za nyungunyungu, humo ndimo udongo unapumulia. Na yale madoa ya kutu na kijivu yanaonyesha mahali maji yanapopumzika wakati wa masika, kwa hiyo kule chini kuna akiba.

Kila alichosema kilikuwa cha shamba la baba. Ule ugonjwa wa ngozi ulikuwa akiba ya maji. Nilisimama pale natamani kulia na kurukaruka kwa wakati mmoja, na nisiweze kufanya hata kimoja. Akasema miaka mingi hajakutana na udongo mzuri wa kulima kama huu. Kisha akasoma kikaratasi, akampongeza shemeji.

Shemeji alishangaa kwa muda wa kupepesa jicho. Halafu akavuta suruali juu akasema siku zote alijua. Siku zote! Huyu huyu aliyeniambia nikapake watoto.

Ningesema nini? Nikidai udongo ni wangu, lazima nieleze umefikaje kwake. Nikinyamaza, filimbi. Nilikuwa bado napima maneno pale mtaalamu alipookota chembe ya tabaka la chini, akaitia mdomoni kama desturi yake. Akatafuna. Akasimama. Akatafuna tena. Akavua kofia. Akasema katika kazi yake ameonja udongo wenye chumvi, ameonja wenye chokaa, ameonja uchungu wa kila aina, ila udongo mtamu ndio anaukuta leo.

Sisimizi watatu wakatoka mfukoni, wakashuka mguu wa meza.

Shemeji akasema kwake hakuna sukari, daktari alimkataza, na nyumba nzima inakunywa chai kavu kwa kumhurumia. Mke wangu alikuwa anatoa sindano mdomoni, moja moja, anazichomeka kwenye pindo. Sijapata kuona akizitoa zote. Akageuza shingo polepole, akaniuliza wageni wangu wa siku ile walikuja kunywa chai shimoni?

Nikasema panya.

Akauliza panya gani anayejua kufunga vikaratasi. Maana yeye, akasema, udongo huu unaingia kwenye cherehani yake kila siku ya upepo, anaufagia asubuhi na jioni, atausahau vipi? Nikasema inawezekana ni panya wawili.

Jumamosi, 8 Machi

Mtaalamu amesema watu wanaweza kuuliziwa, lakini udongo huulizwa wenyewe. Tukaongozana wote hadi kwenye mashimo.

Kwa shemeji hakukaa sana. Kwangu aliteremka (yeye alikuja na ngazi), akakwangua ukuta kwa kisu, akalinganisha na mifuko, tabaka kwa tabaka. Akatoka na kiatu changu. Akanikabidhi.

Kisha akatuonyesha kitu kando ya shimo. Nyayo za jogoo, zimekauka ardhini, kila kidole kinaonekana. Mke wangu akasema jogoo wetu tulimla zamani, wakati wa mvua za mwisho kabla ya kiangazi. Mtaalamu akasema ndiyo tabia ya udongo huu. Mvua ikiupiga ukiwa wazi, unajifunga gamba juu kama plasta, na chochote kilichopita juu yake kinabaki. Kwa hiyo tuufunike kwa majani makavu, tusiukanyage ukiwa umelowa, na tusiulime kina kile kile kila mwaka. Ni udongo mwema, akasema, lakini hautunzi siri. Aliponitazama safari hii nilijua kwa nini.

Nikasubiri hukumu. Nilikuwa tayari nimeanza kuisikia ile milio mitatu. Mtaalamu akasema udongo haukudanganya mtu, aliyedanganya ana miguu miwili, na haoni sababu ya shamba kuadhibiwa kwa makosa ya mwenyewe. Shamba limechaguliwa.

Nilimkumbatia mke wangu. Nilimkumbatia shemeji. Nilitaka kumkumbatia na mtaalamu, akainua kisu kidogo. Akaendelea kusema kwamba kwa kuwa kituo kinahitaji mtu wa kuaminika, shamba la mfano litaandikwa jina la mke wangu. Mimi nitakuwa msaidizi.

Shemeji alicheka mpaka akaketi kwenye vumbi na suruali yake safi. Nilidhani amekasirika, kumbe sukari ndiyo imemmaliza. Kila akitulia anasema "alilikoroga", anaanza upya. Alipoweza kusimama akamwambia dada yake kwamba zawadi hana, lakini kuna kitu kitamsaidia kazini. Akaivua filimbi shingoni, akamvisha.

Jumatano, 19 Machi

Bomba limefika. Maji yanatoka, yanazama, hayatuami. Nilisimama kuyatazama muda mrefu. Baba angefurahi. Kisha nikasikia mlio mmoja, nikaenda kuleta majani makavu.

Mlio mmoja ni majani. Miwili ni samadi. Kwa wiki nzima nimekuwa nazunguka kwa majirani kuomba nyungunyungu, maana mtaalamu amesema warudishwe. Jirani mwenye kuku amesema amechelewa kusikia.

Kibao nacho kimesimikwa barabarani, mwisho wa shamba. Kizuri kweli. Jina la mke wangu linasomeka toka ng'ambo. La kwangu halipo hata kwa herufi za mchwa. Nimekipima kwa macho: chini ya jina lake kuna nafasi. Nafasi nzuri kabisa, imekaa bure.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua za kwanza zimenyesha asubuhi. Upande wa barabarani bado sijaufunika majani, niliahidi kufanya hivyo wiki iliyopita.

Mke wangu alikuwa ndani na bibi harusi mtarajiwa, cherehani inalia. Mvua ilipopungua nikakatiza shamba na kopo la rangi nyeusi na mswaki wa zamani. Chini ya jina lake nikaandika lile jina ambalo mtaa mzima wananiita: MIPANGO. Herufi zilitoka safi, ila ile O imeteremka kidogo. Nikarudi, nikaosha viatu, nikaosha mswaki, nikaosha hata kucha. Nikakaa kwenye ndoo yangu na uso wa mtu aliyekuwepo hapo siku zote. Hakuna ushahidi wowote. Kazi safi kabisa.

Kisha jua likawaka.

Cherehani ikanyamaza. Nikamwona mke wangu mlangoni, na bibi harusi nyuma yake amevaa mkono mmoja wa gauni, wote wanatazama shambani. Nikatazama na mimi. Udongo wa baba ulikuwa umejifunga gamba lake, laini, linang'aa, na katikati yake safu moja ya nyayo kutoka kwenye ndoo hadi kwenye kibao, na nyingine kutoka kwenye kibao hadi kwenye ndoo. Kila moja inaonekana mpaka kile kiraka cha soli ya kushoto. Alikishona yeye.

Mlio wa kwanza. Wa pili. Nikafumba macho, nikasikia na wa tatu.

Hakukasirika sana, na hilo ndilo linalonipa matumaini. Alicheka, bibi harusi akacheka, nikapewa tambara na mafuta ya taa nikaifute rangi. Alisimama kando yangu wakati nafuta, akaniuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayetaka kweli kujua, mwezi huu wote umenifunza nini. Nikamwambia nimejifunza kwamba udongo wetu ni wa ajabu. Akakubali. Tukarudi nyumbani tumeshikana mikono, kwa kupitia pembeni.

Na ni kweli nimejifunza. Kosa lilikuwa viatu. Shemeji huvua vile vya kijani mlangoni mwa mashine kila mchana anapojilaza kwenye magunia. Vinanizidi kidogo tu, nikitia vitambaa mbele vitakaa. Wanasema Ijumaa mvua itanyesha tena.